Mama Mkwe Mbele, Bi Harusi Nyuma

"Kitambaa kiko wapi?"

Ndivyo alivyouliza Msasa wiki iliyopita, nasi tukamwacha hapo hapo katikati ya gereji, mpira mpya wa breki mkononi. Najua mlinisema wiki nzima. Kuna mmoja alisimama mlangoni pangu na gazeti lake akaniambia nina roho mbaya. Haya, mwenye roho mbaya nimerudi, na leo pia sina habari njema.

"Pancha! Nakuuliza wewe! Kitambaa kiko wapi?"

Dada yake alitoa kichwa chini ya meza ya kazi. Huyu ndiye kitinda mimba wa fundi mzee, na jina la Pancha alilipata kwa sababu alijua kuziba tairi kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake.

"Kitambaa gani, kaka? Unanipigia kelele za nini?"

"Chekundu! Nilikifunga kwenye usukani wa Bi Harusi alfajiri. Na Bi Harusi mwenyewe yuko wapi?"

Pancha akatazama pale gari linapokaa siku zote. Palikuwa na doa la mafuta tu.

Kwa aliyeingia leo na viatu vyake, nimweleze upesi. Gereji hii ina sheria moja. Gari lenye kitambaa chekundu kwenye usukani ni mgonjwa, haliguswi, hata mwenyewe aje analia. Kitambaa hakipo, gari ni zima, washa uende. Aliyefunga ndiye anayefungua. Watu hawaulizani, hawaandikiani, na tangu Baba afungue gereji hiyo sheria haijawahi kumtupa mtu.

Na magari ya Baba mwenyewe ni mawili, yote yamezaliwa kabla ya watoto wake. Mama Mkwe ni lile refu la kupandia milima, mabati mazito, kona za mraba kama kabati. Ukitaka kuingia unainua mguu kwa adabu. Bi Harusi ni yule mfupi wa milango miwili, amelala chini, kiuno chembamba, na kwake huingii mpaka uiname. Baba amezeeka, amesema atauza mmoja. Daktari wa Meno amekuja kuchagua. Asubuhi alimjaribu Mama Mkwe.

"Wamemchukua Bi Harusi," alisema Pancha. "Baba na Daktari. Walikunywa chai, wakatoka, wakapanda naye mlima wa tangi."

Msasa akaketi sakafuni.

"Kaka. Umefanya nini?"

"Nilimvua Bi Harusi mpira wa breki wa nyuma, ule wa kupitishia mafuta, nikamvika Mama Mkwe." Alisema haraka, anatazama chini. "Ule mbovu wa Mama Mkwe nikamvika Bi Harusi, mafuta yasimwagike tu wakati nimekwenda kununua mpya. Ndiyo maana nilifunga kitambaa!"

"Mbovu kiasi gani?"

"Umevimba. Kwenye tambarare utavumilia. Lakini mteremkoni, mtu anakanyaga, anakanyaga..."

Pancha akamkatiza.

"Kwa nini? Kwa nini ulivua wa huyu ukamvika yule?"

"Ili Mama Mkwe ashike breki vizuri mbele ya Daktari! Ili ampende, amchukue huyo, atuachie Bi Harusi! Sasa umefurahi?"

Hakuna aliyefurahi. Pancha alichukua simu akampigia Baba. Simu ya Baba ikalia hapo hapo, juu ya meza ya kazi, pembeni ya miwani yake.

"Panda gari," alisema Pancha.

Akatupa jicho kwenye usukani wa Mama Mkwe, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Usukani mtupu. Akawasha.

Walipokata kona ya nyumba kuelekea getini, Msasa alipiga ukelele. Nyuma ya jiko, kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na taulo, kitambaa chekundu kilikuwa kinachuruzika maji. Na Shangazi, ambaye wiki hii tu ndiyo amehamia kuja kumsaidia kaka yake mambo ya nyumba, alikuwa ameinamia beseni, povu mpaka viwikoni.

Basi. Nyinyi mlioniapia kwamba kitambaa kimefunguliwa na yule mnunuzi wa vyuma chakavu anayeyamezea mate magari haya, mwombeni radhi. Hakuna adui. Kuna shangazi msafi.

Sasa tuwaache hao, tupande mlimani.

Juu kabisa, penye tangi la maji, Bi Harusi alikuwa amekwisha geuzwa, pua inatazama bondeni. Daktari wa Meno alikuwa kwenye usukani anacheka peke yake. Mwanamke huyu amestaafu kung'oa meno ya watu na anataka gari moja tu la kuzeeka nalo.

"Fundi, huyu ananisoma moyo," alisema. "Nikiifikiria kona, yeye ameshaikata. Yule wa asubuhi mpaka umwombe, umbembeleze, umsukume kwa bega."

"Yule hakuangushi," alijibu Baba. "Tope, mawe, mito, anapita. Unaketi juu, unaona mapaa ya nyumba za watu."

"Amenitikisa mpaka jino langu mwenyewe limelegea!"

"Na huyu ukimtia kwenye shimo moja tu, tumbo lake unaliacha pale. Halafu mwenye magoti kama yangu, kuingia anaingia. Kutoka anavutwa kama kizibo."

Daktari akacheka tena. "Basi niambie wewe mwenye mali. Nimchukue yupi?"

Baba alipapasa mlango. Hakuna nati kwenye magari yale mawili ambayo hajawahi kuikaza kwa mkono wake.

"Hapo unaniuliza nikupe mtoto gani, Daktari. Mimi sijui kujibu."

"Haya, tushuke. Mteremko utaniambia."

Ulimwambia, tena bila kumficha.

Kona ya kwanza breki zilishika. Kona ya pili zilishika kwa kuchelewa, Daktari akaacha kucheka. Kabla ya kona ya tatu alikanyaga, na pedeli ikazama kama mguu kwenye tope.

"Fundi, breki yenu iko mbali hivi?"

Baba alikuwa ananusa. Pua yake inaijua harufu ile kama mama anavyoijua homa ya mwanawe. Mafuta ya breki.

"Kanyaga, achia, kanyaga tena. Upesi."

Daktari akakanyaga, akaachia, akakanyaga. Chini yao kitu kikalia, pah! Pedeli ikaenda mpaka sakafuni na haikurudi.

"Hakuna kitu! Fundi, hakuna kitu hapa!"

"Gia! Rudisha ya pili!"

Daktari alikanyaga klachi, akaitoa ya tatu, akaisukuma ya pili. Ikapiga kelele ya kusaga chuma, ikakataa. Gia za magari ya zamani hazitaki papara. Zinataka uachie, uongeze mafuta kidogo, ndipo uziingize kwa upole. Lakini upole mtu anaupata wapi kwenye mteremko? Sasa Bi Harusi hakuwa na breki wala gia, na alikuwa anazidi kukimbia.

Baba alikamata hendibreki kwa mikono miwili akaivuta kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Ikapanda nyepesi, kama mtu aliyevuta kamba ya ndoo na ndoo imebaki kisimani. Waya umekatika.

"Mzee," alisema Daktari, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba maji ya kunywa. "Mimi sitaki kufa."

"Hata mimi. Shika usukani. Usinitazame mimi, tazama njia."

Aliogopa, msomaji. Mzee yule aliogopa mpaka meno yakamgongana, na Daktari aliyasikia. Kwa maana alikuwa anajua kilichopo chini. Mteremko ule unaishia njia panda, na ng'ambo ya njia panda ni ukuta wa kiwanda cha matofali, na saa ile wafanyakazi wanatoka kula, wanaketi wamepanga migongo yao kwenye ukuta ule ule.

Turudi kwa Mama Mkwe.

Pancha hakufuata barabara. Barabara inazunguka mlima, na wakati hawana. Alikata kulia, akaingia machimbo ya zamani, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili. Mawe ya ukubwa wa masufuria. Makorongo. Mama Mkwe alipanda, akainama, akainuka, akapiga kelele kila kiungo, akaendelea. Bi Harusi angepita pale? Thubutu!

"Taratibu, gia ya kwanza itatema!" Msasa alipiga kelele, kichwa kimegonga dari.

"Nimeishika!"

Ni ugonjwa wa Mama Mkwe wa siku nyingi. Kwenye mteremko gia ya kwanza hujichomoa yenyewe, mpaka uikamate kwa mkono kama mtoto mtundu sokoni. Na hendibreki yake ilikwisha kitambo. Akisimama mlimani huwekewa jiwe.

Msasa alikuwa na simu sikioni. "Shangazi! Kile kitambaa chekundu! Nani amekwambia ufungue?"

Sauti ya Shangazi ilisikika mpaka kwa Pancha. "Nani aniambie? Nyumba ina mgeni, usukani umefungwa tambara lina grisi! Sisi kwetu hatukulelewa hivyo!"

Msasa akaitupa simu kitini bila kuaga. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Tukiwafikia tutafanya nini?" aliuliza.

"Tutakaa mbele yao. Watuegemee mgongoni, nitapunguza polepole mpaka wasimame."

"Umerogwa? Bi Harusi ni mfupi! Pua yake inaingia chini ya bampa letu! Ataingia uvunguni, Pancha, na paa lake litakutana na mlango wetu wa nyuma. Vichwa vyao viko wapi? Viko hapo hapo!"

Pancha hakuwa amelifikiria hilo. Akaona, wazi kabisa, jinsi atakavyomuua baba yake kwa kumwokoa.

"Ubao," alisema.

"Ubao upi?"

"Ubao wa kusukumia!"

Mama Mkwe, kabla ya kupambwa kwa ajili ya Daktari, alikuwa gari la kazi. Kila gari bovu mjini amelivuta au amelisukuma. Nyuma yake Baba alimtundikia boriti nene la mti, limevikwa vipande vya tairi, linaning'inia kwa minyororo mpaka usawa wa bampa la gari dogo. Na nani aliliinua boriti lile jana yake akalibana juu kwa waya, ili Daktari asione ubaya?

"Nimelifunga mimi," alisema Msasa.

"Basi kalifungue wewe."

Msasa alitoa koleo mfukoni, akaruka viti, akafungua mlango wa nyuma huku gari linacheza ngoma. Akalala kifudifudi, nusu ya mwili nje, vumbi linampiga usoni. Waya wa kwanza ukakatika. Boriti likaning'inia upande mmoja.

"Bado mmoja!"

Hapo ndipo Mama Mkwe alipochomoka machimboni na kutua barabarani kwa kishindo. Pancha alikanyaga breki apate kugeuza pua kuelekea bondeni. Pedeli ilishuka zaidi kidogo kuliko ilivyozoea. Aliona, lakini akasema moyoni, ni hofu yangu.

Akatazama kioo.

Kule juu, kwenye kona, doa jekundu likatokea. Likawa gari. Likawa na taa mbili za duara na, nyuma ya kioo, nyuso mbili.

"Wanakuja! Kaka, wanakuja!"

Sasa Pancha akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili zake hulifanya mteremkoni. Alikanyaga mafuta. Ilibidi amkimbie baba yake, ili wakikutana asimgonge, amguse tu. Mama Mkwe akaanza kuunguruma na kutetemeka kila bati, usukani unaruka mikononi, miti ya kando inapita kama inafukuzwa. Pancha alikuwa analia kwa sauti na hajui kama analia.

"Ukate! Kaka, ukate!"

"Koleo linateleza!"

"Kata kwa meno basi!"

Taa za Bi Harusi zilijaa kioo. Pancha alimwona Baba amenyanyua mkono mmoja, kiganja wazi, vile vile anavyofanya gereji akimwongoza mtu kurudi nyuma. Njoo. Njoo. Hapo hapo.

Waya ukakatika. Boriti likaanguka, minyororo ikakaza, na pua ya Bi Harusi ikalikumbatia.

Duh!

Kichwa cha Pancha kiligonga usukani. Msasa alining'inia kwa mkono mmoja kwenye mlango. Lakini Bi Harusi hakuingia uvunguni. Alikuwa ameegemea boriti, bi harusi mgongoni kwa mama mkwe, na wote wawili wanaserereka pamoja.

Pancha akaondoa mguu kwenye mafuta, akauweka kwenye breki. Asikanyage sana, wakateleza. Asikanyage kidogo, wakafika ukutani. Matairi yakalia. Moshi ukatoka. Bi Harusi, aliyekosa pa kwenda, akaanza kuteleza pembeni na kusugua ubavu wake wa kushoto kwenye ukingo wa udongo, krrrrr, na huo ukingo ndio uliowasaidia. Mwendo ukapungua. Ukapungua tena.

Wakasimama.

Kimya. Injini ya Mama Mkwe ilikuwa imezimika. Chini kabisa ukuta wa kiwanda ulikuwa unaonekana matofali yake moja moja, na watu wameketi chini yake, wanatafuna, wameinua nyuso kutazama moshi.

Mlango wa kulia wa Bi Harusi ulifunguka. Daktari wa Meno alitoka kwa mikono na magoti, akatapika, akafuta mdomo kwa mkono wa blauzi ya hariri.

"Fundi," alisema, bado yuko chini. "Nimeshachagua. Nipe yule mrefu."

Baba alicheka. Jamani, yule mzee alicheka mpaka akakohoa, na Pancha kule mbele aliposikia kicheko kile alifumba macho akashukuru. Yuko hai. Baba yuko hai.

"Baba, toka!" Msasa alikuwa amekwisha fika. "Toka huko!"

"Nitoke wapi? Mlango wangu umeegemea udongo."

"Vuka kiti, utokee kwa Daktari!"

"Haya magoti yatavuka nini? Huyu Bi Harusi wenu ni kaburi lenye usukani. Subiri nipumue."

Msasa aliingiza mikono akamshika baba yake kwapani. Akavuta. Baba akapiga ukelele wa maumivu, mguu umenasa chini ya mkono wa gia. Msasa akaacha, akajaribu tena polepole.

Pancha hakushuka. Mguu wake ulikuwa juu ya breki, mkono wake umeikamata gia ya kwanza, aliyoitia waliposimama, isiteme, na uzito wa magari mawili umemlalia. "Nitafutieni jiwe!" alisema. "Mawe mawili, wekeni mbele ya matairi!"

"Naenda mimi," alisema Daktari, akainuka, akateremka kando ya barabara.

Ndipo simu ya Msasa ikalia kitini. Pancha aliibonyeza kwa kidole kimoja.

"Nani huyo? Pancha? Mwambie huyo kaka yako asinikatie simu, mimi si mwenzake."

"Shangazi, si sasa."

"Sasa ndiyo. Amenifokea kwa kitambaa kimoja, mbona hakuniuliza cha pili?"

Pancha aliinamia simu.

"Cha pili kipi, shangazi?"

"Si vilikuwa viwili? Kimoja cha lile gari fupi, kimoja cha lile refu. Vyote nimefua. Hiki kingine ndiyo nakikamua hapa."

Pancha alitazama usukani uliokuwa mbele yake. Usukani mtupu, msafi, hata grisi imepanguswa.

"Kaka!" Pancha aligeuza kichwa. "Kaka, ulifunga vitambaa vingapi?"

"Kimoja! Kwa Bi Harusi! Kwani nini?"

Kutoka ndani ya gari fupi, Baba akajibu. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Cha Mama Mkwe nilifunga mimi. Tuliporudi asubuhi na Daktari niliona mafuta ya breki yanachuruzika gurudumu la nyuma. Mtu amekaza nati kwa haraka. Nikafunga kitambaa, nikaingia kunywa chai, nikasema nitakuja kumtazama baadaye."

Msasa alitazama mikono yake mwenyewe. Alfajiri, gizagiza, anaogopa Baba asiamke. Alikaza nusu tu, akasema itatosha. Haraka haraka haina baraka, na safari hii hasara ilikuwa imemlaza baba yake miguuni pake.

"Nilipokuona mbele yangu sikufikiri," alisema Baba. "Nani angefikiri? Mwanangu, pedeli ikoje?"

Pancha alikuwa anaisikia tangu simu ilipolia. Chini ya soli ya kiatu chake pedeli ilikuwa inashuka. Haikuanguka. Ilishuka polepole, bila kelele, kama mtu anayezama usingizini.

"Inashuka, baba."

"Kanyaga, achia, kanyaga."

"Nikiachia tutaondoka!"

"Daktari! Jiwe!"

Daktari alikuwa anapanda na jiwe amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Jiwe likamponyoka, likaruka barabarani, likabingirika kuelekea ukutani. Akasimama analitazama, amefunika mdomo.

Msasa alivuta kwa nguvu zote. Mguu wa Baba ukabaki palepale.

"Acha," Baba alimwambia. "Niache mimi. Kimbia mbele ukamtoe dada yako." Kisha akapaza sauti, na ilikuwa sauti ile ile ya gereji, isiyobishiwa. "Pancha! Fungua mlango uruke! Nakuamuru mimi baba yako, ruka sasa!"

Mkononi mwa Pancha gia ya kwanza ilijitikisa, ikapiga kwa nguvu, ikatema. Pedeli ikagusa sakafu.

"Halo?" Shangazi alikuwa bado yuko kwenye simu. "Pancha? Niambie basi, nivirudishe sasa kwenye usukani, au nisubiri vikauke?"

Mlango ulikuwa hapo, kiganja kimoja tu kutoka kwenye kiwiko chake. Pancha aliutazama, akatazama kioo, akamwona baba yake ameketi chini, amenasa, ananyanyua ule mkono wake kumfukuza.

Akaushika usukani kwa mikono miwili.

Mama Mkwe akasogea. Bi Harusi akamfuata, na Baba ndani yake.